Mtoto Mwenye Gundi Hakimbizwi

Walimu wakuu, machifu na wazee wa mitaa, mama zangu na baba zangu, mafundi viatu, wenye maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, vijana wa bodaboda, hamjambo nyote.

Tumewaalika watu wa kazi mbalimbali kwa sababu gundi hupitia mikononi mwa watu wa kazi mbalimbali kabla haijafika puani mwa mtoto. Na mtoto akizidiwa, anayemfikia kwanza huwa si daktari. Huwa mwalimu wa zamu, mama muuza mahindi, askari wa kaunti, au ndugu yake mkubwa. Anachofanya mtu huyo katika dakika tano za mwanzo huweza kuamua kama mtoto ataamka. Kwa hiyo tutaanza na hizo dakika tano. Kemikali, dalili, matibabu na maduka vitafuata.

Jambo la kwanza ni hili: mtoto aliyevuta gundi, petroli, thina au gesi ya kujazia kiberiti asikimbizwe, asishtuliwe, asipigwe. Atakayesahau mengine yote ya leo, asisahau hilo.

Sababu yake iko ndani ya moyo. Mtu akiogopa, akikasirika au akikimbia, mwili humwaga adrenalini kwenye damu. Mimi na wewe, mapigo yataenda mbio kisha yatatulia. Lakini mvuke wa vitu hivi huufanya moyo uwe mwepesi kupita kiasi kuitikia adrenalini. Kiasi kilekile ambacho kingemfanya mtoto mwingine atwete tu, kwake huvuruga umeme unaoongoza mapigo. Vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka ovyo bila kusukuma damu, kama injini inayonguruma huku gari halisogei. Mtoto anapiga hatua chache, anaanguka. Baada ya dakika nne au tano bila damu, ubongo unaanza kufa.

Madaktari wamelijua hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Millard Bass, alichapisha taarifa ya vijana 110 waliokufa ghafla baada ya kuvuta mivuke, bila mfuko wa plastiki kuwaziba pumzi. Baadhi yao walikuwa wamevuta, kisha wakakimbia au wakapata msukosuko mwingine. Maiti za namna hii zikipasuliwa, mara nyingi hazionyeshi chochote cha kueleza kifo. Ndiyo maana familia hubaki zikisema mtoto amerogwa, au amepigwa mahali pasipoonekana alama. Na hakuna kipimo cha usalama hapa. Kifo hiki huweza kumpata mtoto anayevuta mara ya kwanza, sawa na aliyevuta miaka mitatu.

Sasa pimeni wenyewe namna tunavyowatendea. Gari la askari linaegeshwa usiku penye watoto wa mitaani, milango inafunguliwa kwa kishindo, tochi zinawamulika usoni, virungu vinainuliwa. Shuleni, mwalimu anamkuta mvulana nyuma ya choo, anampigia kelele, mtoto anaruka ukuta, na darasa zima linaambiwa limfukuze. Nyumbani, baba anachukua mshipi. Wote hawa wanadhani wanamwokoa. Wakati uleule wanamwaga adrenalini kwenye moyo ambao hauiwezi. Tunawaomba sana viongozi wa askari mlioko hapa: mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni akikimbia, mwacheni akimbie. Atapatikana baadaye akiwa ametulia. Kosa lake halilingani na kifo.

Basi ukimkuta, ufanye nini?

Akiwa macho, msogelee polepole, ukionekana, mikono ikiwa wazi. Sema kwa sauti ya chini. Kaa au chuchumaa ulingane naye. Usimnyang'anye chupa kwa nguvu. Mwambie akupe, au aiweke chini, na mara nyingi ataiweka ukimpa muda. Zima moto wowote ulio karibu: sigara, jiko, kibatari. Mvuke wa petroli na thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali nawe, na watoto wengi huvuta wakiwa wamezunguka moto wa takataka usiku wa baridi. Nguo zilizolowa zivuliwe. Msogeze penye hewa, kisha aketi. Usimtembeze, usimpe kahawa, usimwambie afanye mazoezi ili dawa imtoke. Na usimmwagie maji baridi kumzindua. Wengi hufanya hivyo, na ule mshtuko wa maji ndio uleule tunaouogopa.

Ulevi wa gundi hupungua kwa dakika kumi na tano hadi arubaini na tano, lakini mtoto asiachwe peke yake hapo. Kaa naye saa kadhaa, mpaka aweze kusema jina lake, siku na mahali alipo, na atembee bila kuyumba.

Akiwa amezimia lakini anapumua, ondoa mfuko au kitambaa usoni, mlaze ubavu, kichwa kiinamie nyuma kidogo na mdomo utazame chini ili matapishi yatoke nje. Waliokufa kwa kupaliwa na matapishi yao wenyewe ni wengi. Usimpe maziwa. Tunajua maziwa yanasifiwa kwa kila sumu, kuanzia Mombasa mpaka Busia, lakini mvuke umeingia kwa mapafu, haumo tumboni, na maziwa yanayomiminwa kinywani mwa mtu aliyezimia huishia mapafuni. Maji ya chumvi ya kumtapisha ni mabaya zaidi. Na kama ameyameza mafuta yenyewe, kumtapisha kutayapitisha karibu na njia ya hewa mara ya pili, nayo yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia kali.

Akiwa hapumui, au anatweta kwa vipindi kama samaki aliyetolewa majini, usipoteze muda kutafuta mapigo. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka kiganja katikati ya kifua, bonyeza kifua kishuke kiasi cha sentimita tano, kisha kiache kirudi juu kabisa. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kubonyeza mara 30, mpe pumzi mbili kwa mdomo, kisha endelea. Mwenzako atafute gari. Msiache kubonyeza kwa sababu mmechoka. Pokezaneni kila dakika mbili. Vijana wa bodaboda, mtu wa namna hii hapakatwi kwenye pikipiki. Abonyezwe palepale mpaka gari lije.

Hospitalini nendeni na chupa, kopo au kitambaa kilichopatikana, na mseme wazi kuwa amevuta gundi. Aibu imewaua watoto wengi mapokezini. Familia inasema ameanguka tu, na daktari anaanza kutafuta malaria. Akiambiwa ukweli, ataipunguza adrenalini kwenye dawa zake pale inapowezekana, atapima mwenendo wa moyo, na ataagiza kipimo cha potasiamu, madini ya damu ambayo misuli na moyo huyategemea. Kwa wauguzi na maafisa wa kliniki walioko hapa tunaongeza hili: mtoto mvutaji akija amelegea miguu na mikono, msikimbilie kumwekea dripu ya sukari au ya bikaboneti kabla ya kujua potasiamu yake. Vyote viwili huishusha zaidi. Sababu yake tutaieleza punde.

Hicho wanachokiita gamu ni nini? Gundi ya kubandikia soli ni mpira ulioyeyushwa ndani ya maji ya kemikali yanayoruka haraka ili gundi ikauke. Yanayoruka ndiyo yanayolevya: tolueni, heksani, asetoni na jamaa zake. Thina ya rangi huwa na tolueni pia. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya vitu, zikiwemo tolueni na benzini. Gesi ya kiberiti ni butani. Miaka ya karibuni, kwenye vijia vya Nairobi, kitambaa kilicholowekwa mafuta ya ndege kimeanza kuchukua nafasi ya chupa. Mafuta hayo ni jamii ya mafuta ya taa, na kitambaa hufichika ndani ya mkono wa sweta kuliko chupa. Afadhali moja tumeipata: tangu mwanzoni mwa 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa inamharibu mvutaji ubongo kwa njia ya pili. Lakini petroli ya leo bado ni sumu, na benzini yake huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu.

Mvuke ukiingia mapafuni hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, kwa sababu hauhitaji kupita tumboni wala kwenye ini. Ulevi huja haraka, huondoka haraka. Ndiyo maana mtoto anashinda na chupa chini ya mdomo toka asubuhi, akiiongeza kidogo kidogo. Huko kurudiarudia ndiko kunakomharibu.

Watafiti waliowahoji watoto wa mitaani Eldoret walikuta gundi ikiongoza, mbele ya pombe na sigara. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2013 uliona vivyo hivyo: kwa watoto wa mitaani duniani, mivuke ndiyo ya kwanza. Na watoto wenyewe wakiulizwa, hawajibu kwamba wanatafuta raha. Wanasema gundi inaondoa njaa. Inaondoa baridi. Inampa mtoto ujasiri wa kuomba, na usingizi juu ya saruji. Mtoto wa miaka tisa amegundua kwamba chupa ndogo ni rahisi kuliko sahani ya chakula, na kwamba inatuliza tumbo kwa muda mrefu kuliko andazi. Kumwambia gundi ni mbaya bila kumpa chakula ni kumnyang'anya kitu cha pekee kinachomsaidia usiku huo.

Lakini tusijidanganye kwamba haya ni ya watoto wa mitaani peke yao. Uingereza, nchi ambayo watoto wengi wana kitanda na chakula cha jioni, ilipoteza watu 152 kwa mivuke hii mwaka 1990 pekee, wengi wao vijana. Kule gesi ya kiberiti ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa, na mwaka 1999 ikapigwa marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18. Marekani, uchunguzi unaofanywa mashuleni kila mwaka huonyesha kitu ambacho hakionekani kwa bangi wala pombe: wanafunzi wa darasa la nane huvuta mivuke kuliko wa darasa la kumi na mbili. Hiki ni kilevi cha wadogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kununua bia, lakini maka ya ubaoni, kiondoa rangi ya kucha, wino mweupe wa kufutia na kopo la manukato ya kupuliza viko kwenye mkoba au kwenye kabati la mama.

Madhara ya muda mrefu tungependa myajue kwa undani, maana ndiyo yanayomfanya mtoto aonekane mtukutu au mjinga wakati ni mgonjwa.

Tolueni hupenda mafuta. Ubongo una mafuta mengi, hasa ule utando mweupe unaozifunika nyuzi za neva ili ujumbe upite upesi. Mvutaji wa miezi na miaka huliwa utando huo. Ataanza kufikiri polepole, kusahau alichoambiwa dakika tano zilizopita, kukasirika ovyo. Kisha mikono inatetemeka akiinua kikombe, miguu inapanuka akitembea kama mtu aliye kwenye mashua, macho yanachezacheza. Masikio nayo hupungua nguvu, na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona. Mwalimu akimwita kutoka nyuma mara tatu asigeuke, anaandika kwamba hana adabu.

Heksani ina njia yake. Ini huibadilisha kuwa kemikali nyingine inayoharibu neva ndefu kuliko zote, zile za miguuni. Huanza kwa ganzi kwenye vidole vya miguu, halafu vidole vya mikono, halafu nguvu inapungua. Hapa kuna jambo linalowavunja moyo wazazi: hata mtoto akiacha leo, udhaifu huweza kuendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa kabla ya kusimama. Anaonekana anazidi kuumwa tangu aache. Wengine huhitimisha kwamba kuacha ndiko kulikomdhuru, wakamrudisha barabarani. Mvumilieni. Neva hurudi polepole, kwa miezi, na wengi hupata nafuu kubwa.

Figo ndizo zinazoeleza ile potasiamu. Tolueni ikishughulikiwa mwilini huwa asidi iitwayo hipuriki, nayo ikitoka na mkojo huburuta potasiamu nyingi. Potasiamu ikishuka mno, misuli inakataa kazi. Kijana aliyelala mzima anaamka hawezi kusimama, na jirani anasema amepooza au amerushiwa jini. Hospitali ikimrudishia potasiamu kwa uangalifu, anasimama baada ya siku mbili tatu. Ikichelewa, misuli ya kupumua na moyo vinafuata.

Na wasichana. Kuna wasichana wanaobeba mimba huku chupa iko mdomoni, na tolueni hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Huzaliwa wadogo, baadhi yao kichwa kikiwa kidogo na uso ukifanana na wa watoto waliodhuriwa na pombe tumboni. Msichana huyu ahudumiwe kliniki ya wajawazito kama mama mwingine yeyote. Akitukanwa mara moja mlangoni, hatarudi, na tutakuwa tumewapoteza wawili.

Dalili zenyewe si ngumu kuziona ukijua pa kutazama. Pumzi na nguo zinanuka kama duka la rangi, na harufu ya pumzi hudumu saa nyingi baada ya ulevi kwisha. Kuna vipele au ngozi kavu nyekundu kuzunguka mdomo na chini ya pua. Pua inachuruzika bila mafua, macho mekundu, mafundo ya gundi au madoa ya rangi kwenye vidole na pindo la mkono wa sweta. Anakataa chakula, anaumwa kichwa asubuhi. Vitambaa vinapotea, chupa ndogo tupu zinapatikana chini ya godoro, pikipiki ya baba inaisha petroli ikiwa imeegeshwa.

Msinunue vile vipimo vya mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa mkitegemea vitawajibu. Vimetengenezwa kupima bangi, heroini, kokeini na mfano wake, na mvutaji wa gundi hutoka msafi kabisa. Hata kipimo cha maabara cha asidi ya hipuriki kina kasoro. Vinywaji na vyakula vyenye kihifadhi cha benzoeti huipandisha pia, kwa hiyo soda huweza kumfanya asiye na hatia aonekane mvutaji. Pua yako na macho yako vinatosha.

Walimu tunawaomba jambo moja zaidi. Mkiwafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, msiitaje orodha ya vitu vinavyovutwa, wala msieleze namna vinavyovutwa. Mnakuwa mmewapa somo la kutenda. Wafundisheni kama mnavyofundisha sumu: kitu chochote chenye harufu kali hufunguliwa penye hewa, mtu mzima akiwepo, na kichwa kikiuma unatoka nje. Hii hotuba ni ya watu wazima. Isisomwe gwarideni.

Tuje kwenye kuacha. Hakuna dawa inayofuta gundi, hakuna sindano, hakuna kidonge mbadala kama vile methadoni inavyotumika kwa heroini. Anayewauzia dawa ya kuondoa gundi anawaibia. Kinachoponya ni muda, chakula, usingizi na mtu anayemwamini.

Siku za mwanzo huwa ngumu: jasho, kutetemeka, kichefuchefu, kukosa usingizi, hasira, hamu kali. Kwa wengi huchukua siku mbili mpaka tano, kwa wengine hufika wiki kadhaa. Mtoto akipata degedege, au akiona vitu visivyokuwepo, ni wa hospitali. Mpeni milo midogo mara nyingi, uji mzito, maharagwe, mayai, matunda, kwa maana tumbo lililozoea gundi halipokei sahani nzima. Mwende mkampime minyoo, kifua kikuu, upungufu wa damu na vidonda. Na msianze kumhoji siku hiyo. Hili ndilo kosa kubwa la vituo vingi, wenye nia njema kabisa: mtoto anaingia Jumatatu, Jumanne anawekwa mbele ya mshauri saa nzima, anaonekana hasikii, Ijumaa anaandikwa kuwa ameshindikana. Tolueni bado imo kwenye mafuta ya mwili wake. Akili huhitaji wiki kadhaa kuanza kufunguka. Mazungumzo ya mwezi wa kwanza yasizidi dakika kumi na tano au ishirini, jambo moja kwa wakati, kwa sentensi fupi, na kesho urudie. Mpe kazi za mikono zinazoonekana matokeo: kupanda sukuma, kufuma, mpira, ngoma. Apimwe masikio na macho kabla ya kurudishwa darasani, na akirudishwa, akae mbele.

Atarudia gundi. Wengi hurudia, tena zaidi ya mara moja, hasa akirudi kwenye kundi lilelile chini ya daraja lilelile. Kundi ndilo familia yake. Wanaofanikiwa zaidi ni wale wanaotoka pamoja na marafiki wawili watatu, au wanaopata nyumbani penye mtu anayewangoja. Kwa hiyo kumrejesha mtoto kwao bila kuuliza kwa nini alitoka ni kumpa nauli ya kurudi mtaani. Kama alikimbia kipigo cha baba wa kambo, kipigo hicho kishughulikiwe kwanza.

Sasa wenye maduka na mafundi viatu, zamu yenu. Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inashughulika na heroini, kokeini, bangi na jamii yake, gundi haimo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 unazitaja tolueni na asetoni, lakini kama malighafi za kutengenezea dawa nyingine, wala si kama kitu kinachoharibu watoto. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa, mlango umeachwa mikononi mwenu. Fundi, usimpimie mtoto gundi kwenye chupa, hata akileta pesa, hata akisema ametumwa. Bandika kiatu chenyewe. Kama kuna kiatu, kitaletwa. Nunua kopo dogo utakalolimaliza upesi kuliko galoni linaloshinda wazi kando ya barabara, na ufunike kila baada ya kupaka. Hilo litakulinda wewe pia, kwa kuwa fundi anayeinamia gundi saa kumi kwa siku ndani ya kibanda kisicho na dirisha hupata ganzi ileile ya miguu. Kopo tupu halijawa tupu. Liache wazi juani, mbali na moto, mpaka likauke, kisha ulipondeponde. Gundi za maji zipo. Hukauka polepole na baadhi hazishiki soli sawasawa, lakini kwa kazi za karatasi, mbao na ngozi nyembamba zinatosha, na shule hazina sababu ya kununua nyingine. Na yule anayejulikana mtaani kuwa ndiyo biashara yake, anayewajazia watoto chupa alfajiri, mnamjua kuliko sisi. Mtajeni kwa chifu.

Kuna walioshinda vita hii, na tungependa msikie walivyoshinda. Katikati ya Australia, kwenye vijiji vya wenyeji wa asili vilivyo mbali na miji, petroli iliwala vijana kwa miaka mingi. Huko Yuendumu, mwaka 1994, wazee wa kabila la Warlpiri waliamua kuwachukua vijana waliokuwa wakivuta na kuwapeleka Mount Theo, nyikani, mahali pasipo petroli. Waliishi nao, wakawinda, wakawasimulia ya mababu, huku kijijini wakianzisha michezo na shughuli za kila jioni ili anayerudi asikute mchana mtupu. Uvutaji Yuendumu ulikaribia kwisha kabisa. Kisha mwaka 2005 kampuni ya BP ikaanza kutoa petroli iitwayo Opal, ambayo vile vitu vinavyolevya vimepunguzwa hadi takribani asilimia 5, wakati petroli ya kawaida huwa na karibu asilimia 25. Gari linakwenda, mvutaji halewi. Serikali ililipia tofauti ya bei, na mwaka 2013 bunge likapitisha sheria ya kuisimamia. Kwenye vijiji vilivyoipata, uvutaji wa petroli ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wengine wamejaribu kuitia gundi mafuta ya haradali ili iwashe pua. Kampuni ya Marekani ya Testor ilifanya hivyo kwa gundi yake mwaka 1969. Husaidia kwa gundi hiyo, lakini huwasha macho ya fundi pia, na mtoto huhamia kopo la jirani. Kwa maoni yetu Kenya ingeanza na tolueni na heksani zenyewe, kuzipunguza kiwandani, kabla ya kuongeza kinachowasha. Watu wa viwanda wanajua namna. Hawajashurutishwa.

Nambari mbili mziandike. 116 ni simu ya kusaidia watoto, haina malipo, usiku na mchana, na inafanya kazi Kenya na Tanzania. 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nayo ni bure. Ukipiga, sema mahali mtoto alipo kwa alama inayoonekana, umri unaokisia, kama yuko macho, kama anapumua vizuri, na kilichokuwa mkononi mwake. Asiye na makao wala mlezi ni mtoto anayehitaji malezi na ulinzi kwa sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022, kwa hiyo anapelekwa kwa afisa wa watoto. Selo si mahali pake.

Sasa sogezeni viti nyuma. Tumetandika mikeka minne hapa mbele, na kila mtu, wazee mkiwemo, atamlaza mwenzake ubavu mara moja na kubonyeza kifua cha mwanasesere kwa dakika mbili kamili bila kupumzika. Askari na walimu waanze.